Boneti Wazi: Turbo kwenye Mkonga, na Kiyoyozi Kibaki

KULWA: Karibuni tena Boneti Wazi, kutoka Tabora. Wiki hii nimeupeleka mkonga wangu gereji, ile Land Cruiser ya injini ya dizeli ya 1HZ mnayoifahamu, ili ufungwe turbo, yaani kifaa cha kushindilia hewa ndani ya injini, na fundi akaniambia bila kupepesa macho kwamba kiyoyozi lazima king'olewe, kwa sababu kondensa, ile sehemu ya kiyoyozi inayotoa joto nje, inakaa pale pale mbele ya rejeta anapotaka kuiweka intakula, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo.

ZUHURA: Ulimjibu nini, shemeji, ukijua anayekaa kiti cha mbele ni mama yangu?

KULWA: Nilimjibu kwamba mama mkwe hang'oki, kwa hiyo kondensa nayo haing'oki.

ZUHURA: Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa umepungua kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo, hata iwe ya lita 4.2 na silinda sita, huvuta hewa hiyo hiyo nyepesi. Turbo huirudishia ilichopungukiwa na kuiongezea. Tatizo ni kwamba hewa ikishindiliwa hupata moto: kwa presha ya nusu baa tu, iliyoingia na nyuzi 30 inaweza kutoka ikikaribia 90.

KULWA: Ndiyo maana nataka intakula ilale juu ya injini, boneti itobolewe na kuwekewa mdomo wa upepo, ili mbele pabaki pa kondensa na rejeta.

ZUHURA: Upepo gani utaupata mwezi Oktoba, unapopanda mlima wa Sekenke nyuma ya lori linalotambaa? Intakula ya juu ya injini hapo hupokea joto badala ya kulitoa. Mimi nisingefunga intakula kabisa. Ningeshusha presha, nikaweka feni ya umeme kwenye kondensa na geji ya joto la moshi, ili mguu uondoke kwenye mafuta kabla ya nyuzi 700.

KULWA: Presha ikishushwa hivyo, gharama ya turbo ni ya nini? Afadhali swichi inayoachia klachi ya kompresa ya kiyoyozi mafuta yakikanyagwa hadi mwisho.

ZUHURA: Yaani baridi ikatike mlimani, na mama aulize nani kaizima.

KULWA: Nitamwambia ni injini.

ZUHURA: Safari ya Singida alishusha kioo mwenyewe, vumbi likajaa, kisha akakulaumu wewe.

KULWA: Akanipa kitambaa nifute dashibodi huku naendesha.

ZUHURA: Na akakuelekeza uanzie upande wake.

KULWA: Hata hivyo sikubali. Bila intakula ni kuichosha injini bure.

ZUHURA: Nami sikubali kwamba tundu la boneti ni dawa. Muda umekwisha, na tuliahidi somo la bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo, ambalo ni lazima literemke bila kujikunja hadi kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, na somo la viyoyozi vya zamani vya gesi ya R12.

KULWA: Yasubiri kipindi kijacho.

ZUHURA: Yasubiri, ila mwenye gari la R12 asikubali kujaziwa R134a bila kubadilishiwa oili ya kompresa, kwa kuwa ile ya zamani haichanganyiki na gesi hiyo.

KULWA: Hilo tayari ni somo, shemeji.

ZUHURA: Ni nusu yake.