Umeandika Igombe, kompyuta imesoma Kirumba

Karibuni. Mliosimama mlangoni sogeeni, feni inafika huku mbele tu.

Nina jambo moja la kuwaonyesha kwenye argparse, moduli ya lugha ya Python inayosoma maneno unayoandika kwenye mstari wa amri, iliyoingia katika toleo la 2.7 mwaka 2010. Kuna mama anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, nilimtengenezea kiprogramu cha hesabu. Kina amri ndogo mbili: pokea, mzigo ukiingia, uza, ukitoka. Na kwa kuwa ana mzigo Igombe pia, nikaongeza chaguo la --soko. Nikaona nimrahisishie, asihangaike kukumbuka liandikwe wapi: nikaliweka kwenye kichanganuzi kikuu, yaani kisomaji cha programu nzima, nikaliweka tena kwenye kila amri ndogo. Kote chaguo-msingi, yaani jibu linalojazwa usipoandika kitu, ni Kirumba.

Siku ya tatu akapiga simu. "Fundi, mauzo yangu yote ya Igombe yamekaa Kirumba!" Nikamwomba anisomee alichoandika:

python mwalo.py --soko Igombe uza --kilo 40

Tazameni vizuri. Mama hajakosea hata herufi. Kichanganuzi kikuu kimeisoma Igombe, kisha kikaikabidhi uza yaliyobaki. Uza nayo ikatafuta --soko upande wake, haikuiona, ikajaza Kirumba. Majibu yalipounganishwa, ya uza yakafuta ya mkubwa wake. Mtoto kamsahihisha baba, tena kimyakimya!

Dawa ni kuandika default=argparse.SUPPRESS kwenye amri ndogo, yaani usipotajiwa kitu, usijaze kitu. Au liache --soko kwa mkubwa peke yake. Hapo ukiliandika baada ya uza, programu inakataa, inasema "unrecognized arguments" na kutoka na namba 2, alama ya kosa. Mimi, baada ya simu ile, naupenda zaidi ugomvi huo wa wazi.

Lingine kwa haraka: Python 3 haimlazimishi mtu kutaja amri ndogo. Weka required=True ndani ya add_subparsers, pale unapotengeneza amri ndogo, ipo tangu 3.7, na usisahau dest, jina ambalo amri iliyochaguliwa itahifadhiwa kwalo. Na kwa chaguo la ndiyo au hapana, type=bool msiiguse, kwake hata neno "False" ni kweli; tumieni action="store_true", chaguo likitajwa ni kweli, lisipotajwa si kweli.

Mauzo ya mama tulihamisha kwa mkono, mstari kwa mstari, mpaka jioni, akanifungia dagaa kwenye gazeti.

Haya, fungueni kompyuta. Aliye karibu na dirisha, andika --soko mara mbili, mbele ya uza na nyuma yake, masoko tofauti. Kabla hujabonyeza, tuambie litashinda lipi.