Kupiga Picha za Vijitu vya Sentimita 2 Mtaani, kwa Simu Yako Tu

Karibuni tena, watazamaji wangu. Kabla sijasema mengi, angalia picha hii. Jamaa kashika nyundo, anaponda kokoto, mgongo umempinda utadhani yuko machimbo ya Kunduchi. Sasa navuta kamera nyuma... umeona? Mwamba ni kashata ya karanga, na machimbo ni sinia la muuza kahawa hapa Kariakoo. Leo tunaitengeneza hii.

Tuanze na kijitu chenyewe. Wenzetu Ulaya wanatumia vile vya treni za mfano, kipimo cha 1 kwa 87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, ndiyo maana mtu mzima anatoka kama sentimita 2. Kuna msanii wa London anaitwa Slinkachu, tangu 2006 anavichonga upya, anavipaka rangi, anavipiga picha barabarani, halafu anaondoka zake na kuviacha hapohapo. Mimi roho hiyo sina. Nikihangaika na kijitu jioni nzima, narudi nacho nyumbani.

Chukua kipande cha waya wa shaba kilichobaki kwa fundi umeme, kimenye plastiki. Kikunje katikati: kitanzi cha juu ni kichwa, ncha mbili ni miguu. Kipande kingine kizungushe kifuani, upate mikono. Kichwa nakijaza kwa gundi ya mbao niliyoichanganya na unga wa mbao, nasubiri kikauke.

Nguo ndiyo inayoumbua wengi. Mara ya kwanza nilikata kanga, nikajiona fundi. Ua moja likammeza mtu mzima, akawa kama kajifunika pazia! Tumia tishu. Ilowanishe kwa gundi, mvishe, ikikauka paka rangi ya kucha. Macho na mdomo achana navyo, kwa umbo hili havionekani. Anayesema ni mgongo: upinde kidogo, tayari huyo kachoka.

Sasa tuingie mtaani. Usitoe simu kabla ya salamu. Mimi nilifika hivi: "Shikamoo mzee." "Marahaba." "Naomba kahawa na kashata mbili, halafu nikuombe nikae hapa chini nipige picha ya kashata." Akaniangalia, akaangalia kashata, akasema, "Ya kashata? Haya, kaa." Ukinunua kitu na ukaeleza unachofanya, utakaa saa nzima bila mtu kukuuliza.

Kashata moja kula. Ile ya pili ivunje pembeni, na makombo usiyapanguse, hayo ndiyo kokoto zako. Yapange mafungu mawili matatu kama wanavyopanga wapondaji. Karai je? Nilijaribu kizibo cha soda, nikacheka mwenyewe: mbele ya mtu wa sentimita 2 kile ni bwawa. Ganda la choroko, nusu yake, ndilo karai hasa. Pima hivyo kila kitu. Hata kikombe cha kahawa cha sentimita 5, kwa huyu bwana ni ukuta wa zaidi ya mita 4.

Kumsimamisha, tafuna bigijii, chukua punje kama ya mchele, bandika chini ya mguu. Gundi kali usiipeleke kwenye sinia la watu. Na usimwache bila kumbandika, bodaboda ikipita tu, upepo wake unamwangusha.

Saa ya kupiga ni kuanzia saa kumi na moja jioni. Mchana Dar jua linakaa utosini, kivuli kinajificha chini ya miguu, na kijitu kinaonekana kama kimebandikwa juu ya picha. Jioni kivuli kinamzidi urefu mwenye nacho, ndipo unaamini kweli kasimama pale.

Futa lenzi kwanza, ina mafuta ya vidole. Kisha geuza simu kichwa chini, lenzi iguse sinia kabisa. Hapa ndipo penye picha. Ukipiga ukiwa umesimama, utapata picha ya kashata yenye mdudu. Ukishuka hadi usawa wa macho yake, kashata inakuwa mlima, na daladala inayopita kule nyuma inakuwa ukungu wa rangi tu. Simu nyingi zikisogea karibu kuliko sentimita 10 zinashindwa kuona sawasawa, kwa hiyo rudi nyuma kidogo, vuta mara 2, gusa uso wa kijitu kwenye kioo na ushikilie mpaka itulie. Piga hata 30. Moja itakubali.

Halafu simama, piga nyingine kwa mbali: sinia, birika, miguu ya wapita njia, na kijitu kama chembe. Ziweke mbili pamoja, ya karibu itangulie. Ukianza na ya mbali umeshatoa siri.

Na uangalie juu! Kunguru wa Dar hawana utani. Mmoja alinichukulia mama muuza ndizi, nimemtengeneza siku mbili, akatua naye juu ya paa la jirani.

Nilipomaliza nikamwonyesha mzee picha. Akaivuta karibu na macho, akakaa kimya, kisha akauliza, "Huyu naye kahawa yake nani analipa?" Nikalipa vikombe viwili.