Kizingiti cha Ziwa: Maneno kwa Watembeaji wa Korongo la Murchison

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, na ninyi vijana mliokwisha kukaza kamba za viatu kana kwamba tunaondoka sasa hivi: nimeombwa nieleze njia tutakayoipanda Jumamosi, kutoka inapotia nanga boti chini ya Maporomoko ya Murchison hadi juu, mahali ambapo mto Nile hujibana katika ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, kisha huanguka mita 43. Kuhusu njia yenyewe sina mengi. Ni mwendo wa takriban saa moja nyuma ya askari wa hifadhi. Mbung'o watatuuma, hasa watakaovaa buluu au nyeusi. Na karibu na kilele manyunyu huulowesha mwamba ukawa utelezi, kwa hiyo mwenye mwendo wa polepole ndiye atakayetangulia.

Ninalotaka kulisema ni kwamba korongo lile halieleweki kwa kulitazama lenyewe. Maji yake yana ghala, nalo ni la kale kuliko bwawa lolote la saruji hapa Uganda. Ghala hilo ni Ziwa Viktoria, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, ambalo zamani lilizuiliwa na mwamba mtupu pale Jinja, Nile inapotoka ziwani, katika Maporomoko ya Ripon, aliyoyafikia mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke mwaka 1862. Mwamba ule ulikuwa kizingiti: ziwa likijaa, maji mengi huuvuka, likipungua, huvuka machache, wala hapakuwa na bawabu.

Bwawa la Owen Falls, tunaloliita leo Nalubaale, lilizinduliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1954, na Ripon ikatoweka chini ya maji. Kazi ya kizingiti ikashikwa na milango ya bwawa. Lakini Uingereza na Misri zilikuwa zimekubaliana kwamba milango hiyo ifuate desturi ya mwamba, yaani kwa kila kimo cha ziwa yaachiliwe maji kadiri ileile ambayo Ripon ingeyaachilia. Basi kwa miaka mingi mto ulitawaliwa na mwamba uliokwisha kuzama, na mimi sijaona mtawala wa kibinadamu aliyetiiwa hivyo baada ya kuzikwa.

Ndiyo maana mvua kubwa za mwaka 1961, zilizolipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache, hazikufungiwa Jinja. Maji yaliteremka, yakapita Ziwa Kyoga, yakafika korongoni, na ule ufa haukuyatosha. Mwaka 1962 mto ulijipasulia mkondo wa pili kando ya ule wa zamani. Na kwa kuwa ndio mwaka tuliojitawala, maporomoko hayo mapya yakaitwa Uhuru.

Kwa hiyo tukifika juu, msiukimbilie kwanza ufa wa zamani, ambao mpelelezi Samuel Baker aliupa jina la rais wa wanajiografia wa London mwaka 1864, na ambao enzi za Amin uliitwa Kabalega. Huo umepigwa picha za kutosha. Anzeni upande wa Uhuru, na mkumbuke kwamba maji mnayoyaona yameanza safari Jinja.

Kila mtu abebe maji yake ya kunywa. Ya mtoni tutawaachia mamba.