Uzito Umegoma Kushuka? Panga Upya Mazoezi Yako kwa Wiki Nne

Karibu, mtazamaji. Video hii ni ya mtu aliyepungua kilo kadhaa kwa kutembea au kukimbia kila asubuhi, halafu mzani ukagoma. Njia ile ile, dakika zile zile, jasho lile lile, na uzito hausogei. Andaa dumu la lita 10, dumu la lita 5, kiti imara cha mbao, na tepu ya fundi cherehani.

Kwanza tuhakikishe uzito umegoma kweli. Chakula chenye chumvi nyingi usiku, siku za hedhi au kukosa choo vinaweza kukuongezea kilo moja au zaidi, na hayo si mafuta. Kwa hiyo pima kila asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya chai, mzani ukiwa kwenye sakafu ngumu na si juu ya zulia. Jumlisha vipimo vya siku saba, gawanya kwa saba. Huo wastani ndio uzito wako wa wiki. Linganisha wiki tatu au nne. Mwanamke alinganishe wiki zinazofanana katika mzunguko wake. Sasa chukua tepu, ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, soma. Kama kiuno kinapungua huku mzani umesimama, mafuta yanatoka, usiguse ratiba yako. Kama vyote viwili vimesimama, twende.

Tazama hesabu hii. Mtu wa kilo 85 akitembea dakika 45 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, anatumia takriban kilokalori 220. Akishafika kilo 76, matembezi yale yale yanamgharimu kama 200. Pengo ni dogo, lakini mwili mwepesi unatumia nguvu pungufu hata ukiwa umelala: kwa kilo tisa zilizotoka, kama kilokalori 90 kwa siku. Ongeza na kila ngazi unayopanda na kila ndoo unayobeba. Na kama ulipungua kwa kutembea na kula kidogo tu, sehemu ya kilo zilizotoka ilikuwa misuli.

Wengi hapa huongeza dakika. Kutoka 45 wanakwenda 60, kisha 90. Inasaidia kidogo, ila muda wako utaisha kabla ya kitambi. Sisi tutaacha matembezi mawili kwa wiki kama yalivyo, tuweke siku mbili za kubeba uzito na siku moja ya mwendo wa kupokezana, yaani kasi na taratibu kwa zamu.

Ukiwa na presha isiyotulia, tatizo la moyo au ujauzito, muone daktari kabla ya kuanza. Ukitumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, muulize kuhusu dozi, maana mazoezi mapya yanaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Siku ya uzito: Jumatatu na Alhamisi. Acha angalau saa 48 katikati. Pasha mwili dakika tano kwa kutembea papo hapo na kuzungusha mabega na nyonga.

Zoezi la kwanza, kuchuchumaa. Jaza dumu la lita 5, likumbatie kifuani. Simama mbele ya kiti, miguu upana wa mabega, vidole vya miguu vimegeuka nje kidogo. Peleka makalio nyuma kama unayekaa, gusa kiti bila kujibwaga, inuka. Angalia magoti: yafuate uelekeo wa vidole. Yakiingia ndani, uzito umekuzidi au unainuka kwa pupa. Visigino vikinyanyuka, panua miguu kidogo.

La pili, kuinama kwa nyonga. Hili ndilo linalokosewa zaidi. Shika dumu la lita 10 kwa mikono miwili mbele ya mapaja. Anza na maji lita 6 tu. Magoti yamekunjwa kidogo na yabaki hivyo. Sukuma makalio nyuma, dumu liteleze karibu na mapaja hadi chini kidogo ya magoti, mgongo umenyooka. Utasikia misuli ya nyuma ya mapaja inavutika. Ukisikia kiuno ndicho kinachofanya kazi, basi umepinda mgongo au dumu limekwenda mbali na mwili. Jaribu kwanza bila uzito, makalio yaguse ukuta ulio nyuma yako hatua moja fupi.

La tatu, kuvuta. Weka mkono mmoja kwenye kiti, inama, mkono mwingine ushike dumu. Livute kuelekea nyonga, kiwiko kipite karibu na mbavu, lishushe taratibu kwa sekunde mbili. Dumu lisilojaa litakusumbua hapa, maji yanachezacheza na kukuyumbisha. Dawa yake ni mchanga mkavu. Lita moja ya mchanga ina kama kilo 1.6, hivyo dumu la lita 5 likijaa ni karibu kilo 8.

La nne, pushapu. Kama za chini hazikutoki, piga ukiegemea ukuta, kisha meza, kisha kiti kilichosukumwa ukutani kisiteleze. Mwili uwe mstari mmoja kuanzia kichwa hadi kisigino.

Kila zoezi seti tatu, kila seti mara 8 hadi 12, pumzika sekunde 90. Uzito unaofaa ni ule unaokuacha na nguvu ya kurudia mara mbili au tatu zaidi, basi. Ukimaliza 12 huku unapiga soga, dumu ni jepesi. Ukifikisha 12 katika seti zote tatu bila kuvunja umbo, siku inayofuata ongeza lita moja ya maji, yaani kilo moja kamili, na urudi kwenye 8 au 9. Dumu dogo likijaa, hamia kwenye kubwa. Andika kwenye daftari. Bila daftari utajikuta umebeba lita zile zile kwa miezi miwili, na tatizo lililokuleta hapa litarudi.

Jumamosi ni mwendo wa kupokezana. Tafuta mwinuko au ngazi. Tembea taratibu dakika nane, kisha panda kwa kasi dakika moja, tulia dakika mbili, rudia mara sita, malizia na dakika tano za polepole. Kipimo ni mdomo wako: kwenye kasi uweze kutamka maneno mawili matatu tu, kwenye kutulia uweze kusema sentensi nzima kabla ya kuanza tena. Wiki ya pili fanya mara saba, ya tatu nane, ya nne rudi tano ili mwili upumue. Kushuka ndiko kunakochosha magoti, kwa hiyo shuka kwa hatua fupi. Huna mwinuko? Kamba inafaa kama magoti yako hayaumi. Ruka kimo kidogo tu, kamba ipite. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama hapo hapo na utafute matibabu.

Jumanne na Ijumaa ni matembezi yako ya zamani. Jumatano na Jumapili pumzika, lakini usilale kutwa. Mtego mkubwa wa mazoezi mazito ni kukaa kitako siku nzima kwa sababu "nimeshafanya". Kama simu yako inahesabu hatua, zisipungue chini ya zile za kabla ya ratiba hii.

Chakula kwa ufupi: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni karibu kilokalori 120. Vijiko viwili vya kumimina kwa macho vinafuta matembezi yako yote. Pima kwa kijiko. Na kila mlo uwe na maharage, dagaa, mayai au samaki, misuli ipate cha kujengea.

Wiki mbili za mwanzo mzani unaweza hata kupanda kilo moja. Misuli inayouma huvuta maji. Hapo ndipo wengi huacha au hujinyima chakula, na nguvu za kubeba zinakwisha. Vumilia, hayo maji yatatoka.

Mwisho wa wiki ya nne rudia wastani wa siku saba na tepu. Kiuno kikiwa kimeshuka, endelea na mazoezi yale yale manne, ukiongeza lita. Kikiwa hakijasogea hata nusu sentimita na daftari linaonyesha hukuruka siku, ongeza mizunguko miwili kwenye mpokezano wa Jumamosi, punguza kipande kimoja cha wanga kwenye mlo wa usiku, kisha pima tena baada ya wiki tatu.