Mbao mbichi na seremala wa Salt Lake

Mafundi wenzangu, nimeombwa nizungumzie maisha ya seremala katika mji wa Salt Lake, jimbo la Utah nchini Marekani, chini ya milima ya Wasatch, enzi za walowezi wa kwanza. Habari za Brigham Young na Wamormoni wake, yaani waumini wa dhehebu alilokuwa akiliongoza, nitaziruka. Walifika bondeni Julai 1847, inatosha. Mimi naanza na mbao mbichi, na walionisikia kabla ya leo wanajua kwa nini.

Mwaka 1856 wahamiaji maskini wa Kimormoni kutoka Uingereza na Skandinavia walishuka treni Iowa City, reli ilipoishia, wakakabidhiwa mikokoteni ya kuvuta kwa mikono. Mbele yao palikuwa na zaidi ya kilomita 2,000 za kutembea hadi Salt Lake. Mikokoteni mingi ilikuwa imeundwa mbiombio kwa mbao ambazo hazijakauka. Aliyewahi kushika randa ameshaona kitakachofuata. Hewa ya nyanda zile ni kavu. Mbao ikinywea, spoki inacheza ndani ya kitovu, viungio vinaachia, gurudumu linapinda. Mchanga ukaingia kwenye ekseli za mti ukazisaga. Watu walikata ngozi za viatu vyao na bati za ndoo wakazifunga ekseli, wakapaka mafuta ya nyama na sabuni, vitu walivyovihitaji kwa kula na kufulia. Misafara miwili ya mwisho mwaka huo, iliyoongozwa na Willie na Martin, ilinaswa na theluji njiani, Wyoming, mwezi Oktoba. Walikufa watu zaidi ya 200.

Najua kuna atakayesema: hao waliuawa na baridi, walichelewa kuondoka. Ndiyo, walichelewa. Lakini uliza walichelewa kwa nini! Walipofika Iowa City mikokoteni haikuwa tayari, wakakaa kuingoja. Kisha njiani kila gurudumu lililovunjika lilikula saa za mchana ambazo zingewavusha milima kabla ya theluji. Kwa hiyo mtu asije kwenye karakana yangu akaniambia kukausha mbao ni anasa ya wateja wenye fedha. Panga mbao zako kivulini, weka vipande kati yake hewa ipite, ungoje. Mteja akikuharakisha, mwambie angoje na yeye.

Sasa tuingie mjini. Ralph Ramsay, mchonga mbao kutoka Uingereza, alivuka nyanda na mkokoteni mwaka huohuo wa 1856 na akafika salama. Mwaka 1859 alichonga tai mkubwa wa mbao aliyewekwa juu ya lango la Brigham Young, na lango hilo linaitwa la Tai mpaka leo. Alichonga kwa alichopewa na nchi ile, na nchi ile haikutoa mkangazi wala mwaloni wa kufaa samani. Kilichokuwapo zaidi ni misonobari na jamii zake, ikikatwa kwenye makorongo ya mlimani na kuteremshwa na ng'ombe. Chuma kilisafiri miezi kwenye magari ya kukokotwa, hivyo msumari ulikuwa mali.

Katika hali hiyo wakaamua kujenga ukumbi wa ibada, uitwao Tabernacle, wenye urefu wa mita 76 na upana wa mita 46, bila nguzo hata moja katikati ya kushikilia paa. Kazi ya paa akapewa Henry Grow, mjenzi wa madaraja. Akalichukulia paa kama daraja: matao ya mbao zilizopishanishwa kama wavu, yamekaa juu ya nguzo 44 za mawe ya mchanga zilizo pembezoni. Viungio vilishikwa kwa vigingi vya mti. Boriti ilipopasuka, waliifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, na ngozi ilipokauka ikanywea na kuibana boriti ikatulia. Tazameni hapo! Kunywea kulekule kulikofungua magurudumu njiani ndiko kulikofunga boriti za paa. Fundi anayejua kitu kikikauka kinaelekea wapi anaweza kukitumia. Asiyejua, kinamvunjia kazi. Ukumbi ulianza kutumika Oktoba 1867 na paa lile bado liko juu ya vichwa vya watu, ingawa ukarabati uliokamilika 2007 uliliongezea chuma kwa ajili ya matetemeko.

Mabenchi ya humo yalikuwa ya msonobari, yakapakwa rangi na kuchorwa nyuzi hadi yakafanana na mwaloni. Nguzo za mbao za roshani ya ndani zikapakwa mfano wa marumaru. Msiniambie huo ni utapeli. Kila aliyekaa pale alijua mwaloni wa samani haupo bondeni. Fundi wa rangi alifanya kazi yake mbele ya macho ya mji mzima, na kuiga nyuzi za mti kwa mkono ni ufundi wa miaka. Brigham Young mwenyewe alikuwa seremala na mpaka rangi kabla ya kuwa kiongozi, alijua anachoagiza. Katika ukarabati huo niliousema waliyaondoa mabenchi mengi ya zamani wakaweka ya mwaloni halisi. Mimi ningeyaacha.

Naona napewa ishara ya muda. Reli ya kuvuka Marekani, basi, kwa ufupi: iliungana Promontory, hukohuko Utah, tarehe 10 Mei 1869, mwaka uliofuata ikaingia Salt Lake, na viti vya viwandani vya mashariki vikaja nayo kwa bei ambayo seremala wa bondeni hakuiweza. Majeneza na mashine za kupasua mbao zilizoendeshwa kwa maji sijazigusa, tutazizungumza kwenye maswali. Nani anaanza?