Barua ya Daktari Haiombwi kwa Mjomba

Misawa, mulembe, chamgei! Karibuni nyote, mlioko Kisumu, Kakamega, Siaya, Eldoret, Nakuru na kokote mnakonitazama. Leo niko nyumbani likizoni, nimeketi kwa dada yangu hapa Milimani, kwa hivyo mkisikia kelele za bodaboda mnivumilie.

Tangu niwaambie kwamba nilikubaliwa kusomea usaidizi wa daktari (physician assistant) kule Marekani, swali linaloniandama ni moja: "Dada, nani alikuunganisha na yule daktari akakuandikia barua ya kukupendekeza shuleni?" Juzi mzee mmoja jirani yetu alikuja na kijana wake. Akaniambia, "Binti yangu, mtafutie huyu barua kwa daktari mkubwa huko, hayo mengine tutaongea." Nilimkaribisha chai, nikamwambia kwa heshima kwamba siwezi. Daktari ambaye hajawahi kumwona huyo kijana ataandika nini? Ataandika kwamba ni mtu wa bidii na nidhamu. Wanaosoma maombi wanapokea maelfu ya barua za bidii na nidhamu, na hiyo itapita kama zingine.

Kwetu jambo hili ni geni, na sababu ipo. Ukifanya vizuri mtihani wa KCSE na KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, wakakuchagua, unaingia udaktari moja kwa moja, Maseno, Moi au Egerton, unasoma miaka 6. Hakuna anayekuuliza kama umewahi kukaa na daktari siku nzima. Marekani mtu husoma kwanza shahada ya kawaida ya miaka 4, ndipo aombe shule ya udaktari ya miaka mingine 4. Wakati wa kuomba, wanataka kuona kwamba unaijua kazi unayoiendea. Ndiyo maana wanafunzi humfuata daktari kazini. Unasimama pembeni, unaangalia, unasikiliza. Humpimi mgonjwa, humpi ushauri, hata kama unajua jibu. Kwa usaidizi wa daktari ni vivyo hivyo, na kazi hiyo inakaribiana sana na ya maafisa wetu wa kliniki wanaosomea KMTC, chuo chetu cha mafunzo ya tiba.

Mimi nilikuwa nahudumia wazee kwenye makao yao huko Minnesota, kazi ambayo Wakenya wengi wanaifanya: kuogesha, kulisha, kugeuza mtu kitandani. Kulikuwa na daktari aliyekuja kuwaona wakaazi. Siku moja alipomaliza raundi nilimwomba nimfuate kwenye kliniki yake. Hakuna aliyeniunganisha. Aliniambia nimwandikie meneja wa kliniki, nikaandika jioni hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu Wakenya wengi linawasumbua. Kabla ya kukuruhusu ndani watakuchunguza kifua kikuu. Sisi tulichanjwa BCG tukiwa wachanga, angalia kovu kwenye mkono wako wa kushoto. Kipimo cha kudungwa chini ya ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, uonekane una maambukizi ambayo huna. Waombe kipimo cha damu, maana hicho hakichanganywi na BCG. Kisha utatia sahihi karatasi za kuahidi kutunza siri za wagonjwa. Wana sheria ya mwaka 1996 inayoitwa HIPAA, na hawana mchezo nayo. Hupigi picha, husimulii jina la mtu, hata kwa mama yako kwenye simu.

Ndani ya kliniki ndiko barua inakoanzia. Kila tulipoingia chumbani, daktari alimuuliza mgonjwa kwanza kama ameridhia mimi nibaki. Wengine walikataa. Nilitoka bila kununa, nikasimama kwenye ukumbi mpaka niitwe.

Kuna mzee mmoja alikuja na bintiye. Masikio yake yalikuwa yamechoka, na binti alikuwa akimjibia kila swali. Daktari aliacha kompyuta, akavuta kiti akakaa mbele ya yule mzee, uso kwa uso, taa ikimmulika yeye daktari ili mzee aone midomo yake. Akauliza polepole, "Unakunywa hizi dawa vipi?" Mzee akajibu mwenyewe. Kumbe dawa ya presha alikuwa anaiacha siku anazotoka nyumbani, kwa sababu inamfanya akojoe mara kwa mara na anaogopa kuaibika kanisani. Binti alikuwa hajui. Faili nayo ilisema anameza kila siku. Daktari akabadilisha saa ya kumeza, basi.

Nilikuwa na kijitabu kidogo mfukoni. Usiku ule niliandika nilichokiona, bila jina wala umri wa mgonjwa: kiti, taa, swali, jibu. Siku iliyofuata nilimuuliza daktari kwa nini hakuandika dawa nyingine palepale. Tukaongea mpaka mgonjwa mwingine akaingia. Ukifanya hivyo, daktari anaanza kukujua. Mtu anayekaa kwenye kona na simu mkononi, hata akimaliza mwaka mzima, daktari atakumbuka nini juu yake?

Ulipofika wakati wa kuomba barua, nilimfuata mwenyewe ana kwa ana, kliniki ikiwa imetulia. Nilisema hivi: "Daktari, mwaka huu naomba shule. Unaona umenifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzuri ya kunipendekeza?" Halafu nikanyamaza. Hayo maneno "vya kutosha" yabaki humo humo, msiyatoe. Yanampa mtu njia ya kukataa bila kukuumiza, na wewe yanakuepusha na barua baridi. Akisitasita, mshukuru, utafute mwingine. Kwetu tumelelewa tusimkatalie mtu usoni, kwa hivyo msaidieni mwenzenu aweze kukataa.

Alipokubali nilimpa ukurasa mmoja: nilikofanya kazi, kwa nini nataka kazi hii, siku ya mwisho ya kupokea barua, na mambo machache tuliyowahi kuzungumza, likiwemo la yule mzee. Sikumwandikia barua. Nilimkumbusha tu, kwa sababu anaona watu wengi.

Barua yenyewe haipitii mikononi mwako. Kule kuna shahada mbili za udaktari, MD na DO. Wanaoomba MD wengi hutumia mfumo wa maombi wa AMCAS, wa DO hutumia AACOMAS, sisi wa usaidizi wa daktari tunatumia CASPA, na mwandishi anaipeleka moja kwa moja. Utaulizwa kama unaacha haki yako ya kuisoma. Iache. Barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma haiaminiwi sana. Mpe mwandishi mwezi mmoja au zaidi. AMCAS huanza kupokea maombi mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, kwa hivyo Machi si mapema hata kidogo. Mjomba wako akiwa daktari, akupe nauli na akuombee kwa Mungu, barua aache.

Na msidanganyike kwamba barua ya daktari pekee itawavusha. Shule nyingi za udaktari zinataka pia barua za maprofesa waliokufundisha sayansi darasani. Tena AMCAS haikagui matokeo ya vyuo vya nje ya Marekani na Kanada, na shule nyingi za MD hazichukui mtu asiye na ukaazi wa kudumu. Yeyote anayewauzia njia ya mkato, muulizeni hayo mawili kwanza.

Mlio hapa Kisumu, kuona kazi hii hakungoji viza. Pale Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, wanafunzi wa udaktari wa Maseno ndiko wanakofundishwa. Chukua barua ya shule yako, uipeleke kwenye ofisi ya usimamizi, usimvizie daktari kwenye korido. Wakisema hapana, jaribu kituo cha afya cha karibu na kwenu. Afisa wa kliniki anayeona foleni ya akina mama na watoto wenye malaria tangu asubuhi ana mengi ya kukuonyesha.

Dada wa Ahero uliyeuliza kama barua ya mwalimu wako wa kemia wa kidato cha nne itafaa: kwa shule ya udaktari ya Marekani haitafaa, wanataka mwalimu wa chuo. Lakini kwa kuomba chuo cha kwanza, ile shahada ya miaka 4, vyuo vingi huomba barua ya mwalimu wa sekondari. Kwa hivyo mwone kabla hajahamishwa, na umpelekee ile kazi yako ya maabara uliyonitumia picha yake.