Fildi Ina Msimu Wake: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza wa Biashara

Wadogo zangu, habari za mchana. Mliokaa kwenye ngazi sogeeni huku mbele, viti bado vipo.

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu kupanga masomo ya shahada ya biashara: kozi, kozwaki (kazi na majaribio ya muhula) na fildi (mafunzo kwa vitendo kazini). Mimi ni mhasibu, na kila mwaka napokea vijana wa fildi mezani kwangu. Nawapenda vijana hao, na kinachonisumbua ni kuona mtu mwenye akili timamu na matokeo mazuri anamaliza wiki nane ofisini huku hajaona kazi aliyokuja kuiona. Mara nyingi ofisi haikumnyima. Alikuja wakati kazi hiyo haifanyiki. Hilo ndilo nataka tulizungumze leo.

Tuanze na kozi, na hapa sitakaa sana. Wengi wenu mliichagua mkiwa nyumbani baada ya Kidato cha Sita, mkitazama mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na kupima ufaulu wenu. Ukaandika Uhasibu, Fedha, Masoko, Rasilimali Watu au Utalii kabla hujaingia hata ofisi moja kuona watu hao wanafanya nini kuanzia saa mbili asubuhi. Huo ndio utaratibu wetu, na sikulaumu. Ila mtu asikudanganye kwamba jina la kozi limeshakupangia maisha. Ndani ya Uhasibu peke yake kuna mtu wa kodi, kuna mkaguzi, kuna wa gharama za uzalishaji, na kuna anayefunga hesabu za halmashauri. Ni watu wanne wenye siku zisizofanana kabisa. Swali lako la mwaka wa kwanza liwe hili: katika hao, nani nataka nimwone akifanya kazi?

Ukishalijibu, chukua kalenda. Fildi zetu nyingi zinaangukia kati ya Julai na Septemba, mitihani ya muhula wa pili ikishakwisha. Sasa jiulize, nchi hii inafanya nini miezi hiyo?

Mwaka wa fedha wa Serikali unakwisha tarehe 30 Juni. Halmashauri, wakala na taasisi za umma zina miezi mitatu ya kuandaa hesabu za mwisho wa mwaka na kuziwasilisha kwa Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, yaani hadi tarehe 30 Septemba. Kwa hiyo ukiwa mwanafunzi wa uhasibu halafu ukaenda idara ya fedha ya halmashauri yoyote mwezi Agosti, umekuta jikoni kunapikwa. Watu wanasaka stakabadhi za Novemba iliyopita, wanahesabu madeni ya wazabuni, wanahakiki orodha ya mali. Wanahitaji mikono. Kijana anayejua kutumia Excel na asiyechoka kufungua mafaili hupewa kazi ya kweli siku ya tatu. Na bado vijana wanalia wakipangiwa wilayani, wanataka jengo refu la katikati ya jiji! Nisikilizeni: kampuni nyingi binafsi hufunga mwaka tarehe 31 Desemba, na wakaguzi wa nje wanakuwa na pilikapilika kubwa miezi ya mwanzo wa mwaka, nyinyi mkiwa darasani. Ukienda huko Agosti utajifunza mambo mengine, lakini kufunga hesabu za mwaka hutakuona.

Wa ununuzi na ugavi, Julai ni mwanzo wa utekelezaji wa mpango mpya wa ununuzi katika taasisi za umma. Zabuni zinaanza kutangazwa kupitia NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi wa mtandaoni, ulioanza mwaka 2023 ukachukua nafasi ya TANePS. Ukiwepo mapema unaona zabuni tangu mahitaji yanapoandikwa na idara husika.

Wa masoko, miezi hii ndiyo ya maonyesho: Sabasaba, pale viwanja vya Barabara ya Kilwa, na Nanenane kwenye kanda mbalimbali. Kampuni zinapeleka mabanda, zinahitaji watu wa kueleza bidhaa kwa mteja anayeuliza bei kisha anaondoka. Simama bandani siku nzima, uandike kila swali la mteja na kila sababu ya kutonunua. Ripoti itakayotoka hapo itakuwa na uzito kuliko yoyote iliyonakiliwa kwenye tovuti ya kampuni. Nawaomba sana wa masoko, msidharau kusimama.

Wa utalii, Julai hadi Septemba ni msimu wa juu kaskazini, nyumbu wakiwa upande wa Mto Mara. Hoteli na kampuni za safari zimejaa wageni, na kila mtu yuko mbioni. Omba nafasi mapema, kwa sababu mwezi Juni meneja hana muda hata wa kufungua barua yako.

Hapo nimefika kwenye suala la barua. Wengi wenu huanza kutafuta fildi baada ya mtihani wa mwisho, mnazunguka na barua ya utambulisho mlango kwa mlango, na anayekubali kwanza ndiye unayekwenda kwake. Anza Februari. Na usiandike tu kwamba “naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo”, kama wote wanavyoandika. Andika kazi. “Naomba kushiriki katika maandalizi ya ritani za kodi za kila mwezi.” Msimamizi akisoma hivyo anajua akuweke meza ipi. Ritani, yaani fomu ya taarifa ya kodi, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) huwasilishwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) tarehe 7. Katika wiki nane utaiona kila moja ikifanyika walau mara moja, na aghalabu mara mbili. Mara ya kwanza unatazama, ya pili unaomba uandae wewe, yeye akague.

Tuje kwenye kozwaki. Kwa kawaida alama 40 ni kozwaki na 60 ni mtihani wa mwisho, na wengi mnazichukulia hizo 40 kama akiba ya kukwepa sapu, yaani mtihani wa marudio. Mimi naomba muitazame kozwaki kama mahali pa kujiandaa kwa meza utakayokaa Agosti. Mfano mmoja. Usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, mnafundishwa mwaka wa kwanza, na karibu kila kijana anayekuja kwangu amefaulu somo hilo. Namwekea karatasi mbili. Daftari la fedha la kampuni linasema benki kuna shilingi 4,310,000. Taarifa ya benki inasema 4,725,000. Tofauti ni 415,000. Kijana anatafuta 415,000 kwenye taarifa nzima, haioni, anachanganyikiwa, kwa sababu darasani aliorodheshewa vipengele vyote kwenye swali. Huku hakuna anayekuorodheshea. Lazima upite mstari kwa mstari, uweke tiki pande zote mbili, na kilichobaki bila tiki ndicho cha kufuatilia. Kuna hundi ya 430,000 tuliyomwandikia mzabuni, bado hajaipeleka benki. Kuna makato ya benki 15,000 ambayo sisi hatukuyaandika. Toa 430,000 kwenye taarifa ya benki, toa 15,000 kwenye daftari, pande zote zinafika 4,295,000. Halafu kuna swali ambalo mtihani hauulizi: mbona mzabuni amekaa na hundi yetu wiki sita? Kijana anayeuliza hilo bila kuambiwa, huyo nitamkumbuka nafasi ikitokea.

Kwa hiyo mwalimu akitoa kazi ya kikundi, msichague kampuni ya kubuni. Benki zetu huchapisha taarifa za fedha kila robo mwaka magazetini, na kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, CRDB na NMB zikiwemo, hutoa ripoti za mwaka ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua bure. Someni mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati) imepanda au imeshuka, mtafute sababu. Na kazi ya kikundi ifanywe na kikundi. Inaniuma nikimuuliza kijana kuhusu ripoti yenye jina lake, akanijibu kwamba sehemu ile aliandika mwenzake.

GPA, wastani wa alama zako za shahada, ina maana yake, sitaidharau. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, kuanzia 3.5 ni daraja la pili la juu, na waajiri wengine huchuja hapo kabla ya kusoma mstari wa pili wa wasifu wako. Lakini taaluma hizi zina bodi. Mhasibu atakwenda NBAA kuitafuta CPA, sifa ya juu ya uhasibu, mtu wa ununuzi atakwenda PSPTB. Chukua silabasi ya bodi yako leo, ukiwa mwaka wa kwanza, uilinganishe na masomo ya hiari yatakayokuja. Somo la kodi la ngazi ya juu linaogopwa, watu wanalikimbia kwenda somo lenye alama rahisi, kisha wanakutana nalo kwenye mtihani wa bodi, tena safari hii wanalipa ada mfukoni mwao na hakuna mwalimu.

Fildi ya kwanza ikikuonyesha kwamba ukaguzi huupendi, umepata jambo kubwa kwa bei ndogo, na bado una fildi ya mwaka wa pili ya kujaribu kodi au gharama. Usirudi ofisi ileile kwa sababu tu walikuzoea na nauli ni rahisi. Na logibuku, daftari la kumbukumbu za fildi, ijaze jioni ya siku ileile, kazi uliyoifanya kwa mkono wako, na kiasi gani. “Nimesuluhisha akaunti mbili za benki za mwezi Juni” ni sentensi utakayoihamishia kwenye wasifu wako mwaka wa tatu bila kubadilisha neno.

Maswali sasa. Waliokwishapata fildi waanze, watuambie ni wapi na wamepangiwa kazi gani.